"Ni Ile Ile Tu": Dawa Mbili Huwa Sawa Lini?

Shangazi yangu alikuja nyumbani Jumapili moja amevaa kandambili za mwanawe, maana viatu vyake vilikuwa haviingii tena. Miguu imemvimba kuanzia kwenye vifundo. Ana presha ya miaka mingi, kwa hiyo wote pale sebuleni tukawaza figo. Nikamwomba anionyeshe dawa zake. Akafungua mkoba, akatoa maboksi mawili, moja jeupe na jingine la kijani, akayapanga mezani kama muuza karanga.

"Hii nyeupe ndiyo ya siku zote. Mwezi uliopita iliadimika, wakanipa hii ya kijani. Jirani akaniambia ya kijani ni ya India, haina nguvu. Basi nilipoipata tena nyeupe sikuitupa ile nyingine, hela yangu imeshatoka. Nyeupe asubuhi, kijani usiku."

Nikayageuza maboksi. Chini ya majina mawili makubwa ya biashara, kila boksi lilikuwa na neno lile lile kwa herufi za kuchungulia: Amlodipine 5 mg. Shangazi alikuwa anakunywa dawa moja mara mbili kwa siku akidhani ni dawa mbili. Na amlodipini inajulikana kwa kuvimbisha miguu. Dozi ikipanda, uvimbe nao huongezeka.

Kosa lake lilikuwa kudhani dawa moja ni mbili. Kosa la upande wa pili nalisikia mara nyingi zaidi: mtu ameishiwa, anaazima vidonge vya mwenzake, anajituliza, "Si zote za presha? Ni ile ile tu." Na juu ya hayo kuna ule ubishi usiokwisha wa vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia, kwamba wenye bima wanapewa dawa za bei chee na wenye hela wana dawa zao.

Ubishi wote huo unazunguka neno moja, "sawa", na neno hilo limebeba maswali matatu.

Jijini Dar es Salaam, mtu anayetoka Kigamboni kwenda Posta anaweza kupanda daladala hii au ile ya njia moja. Rangi na maneno ya nyuma ya gari yanatofautiana, njia haibadiliki. Anaweza kukodi bajaji ikapita daraja lile lile. Au akaachana na daraja, akavuka kwa pantoni. Kote huko atafika Posta. Lakini ukiniuliza kama njia hizo ni sawa, nitakuuliza kwanza umebeba nini na una haraka gani.

Dawa ziko hivyo hivyo. Daladala mbili za njia moja ni bidhaa mbili zenye dawa ile ile ndani, zimetoka viwanda tofauti. Daladala na bajaji ni dawa mbili tofauti za ukoo mmoja, zinazofanya kazi kwa namna moja mwilini. Pantoni na daraja ni dawa za koo tofauti kabisa zinazotibu ugonjwa mmoja. Watu wanasema "sawa" kwa zote tatu. Wanaopima dawa wana mizani yake kwa kila swali, na ushahidi unaotosha kwa swali la kwanza hautoshi kwa la tatu.

Jina kubwa na jina dogo

Tuanze na daladala. Kila dawa ina kiambato hai, yaani kile kitu hasa kinachotibu, na kiambato hicho kina jina moja karibu dunia nzima. Kisha kila kiwanda kinaipa bidhaa yake jina la biashara. Panadol ni jina la biashara. Dawa yenyewe ni parasetamoli. Calpol ya watoto nayo ni parasetamoli. Dawa nyingi za mafua zinazouzwa kwa pakiti zina parasetamoli ndani. Mzazi anayempa mtoto chupa hii kwa ajili ya homa na ile kwa ajili ya mafua anaweza akarudia kosa la Shangazi, na hapo kinachoumia ni ini.

Kampuni inayovumbua dawa hulindwa na hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20 tangu ilipoomba. Muda huo ukiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kuitengeneza. Hiyo ndiyo dawa ya jeneriki. Ile ya mvumbuzi tuiite dawa tangulizi. Jeneriki inauzwa kwa bei ndogo kwa sababu mtengenezaji wake harudii majaribio makubwa yaliyokwisha kuthibitisha kwamba kiambato hicho kinatibu, tena viwanda viko vingi vinavyogombea mnunuzi yule yule. Bei imeshuka kwa sababu hizo, wala hakuna aliyepunguza dawa ndani ya kidonge.

Wanaosema "dawa ya India haina nguvu" wakumbuke mwaka 2001. Cipla, kampuni ya India, ilitangaza mseto wa dawa za ARV kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, bei iliyokubali kuliuzia shirika la misaada la Madaktari Wasio na Mipaka, wakati dawa tangulizi zilikuwa zinagharimu zaidi ya dola 10,000. Watu walinong'ona wakati ule kwamba Waafrika wanaletewa dawa za daraja la pili. Leo mamilioni ya watu barani humu, na bila shaka wapo unaowafahamu, wanaishi na kulea watoto kwa jeneriki hizo.

Ili bidhaa mbili zihesabiwe pacha, sharti la kwanza ni la kwenye karatasi: kiambato kile kile, kiasi kile kile, umbo lile lile na njia ile ile ya kuingia mwilini. Kidonge cha miligramu 5 kwa kidonge cha miligramu 5. Sharti la pili ndilo lenye kazi.

Kidonge kikishamezwa

Miligramu 5 za amlodipini ni punje ndogo ambayo ingepeperuka ukipumua. Sehemu kubwa ya kidonge unachokishika ni vitu vingine: unga wa kujazia, gundi ya kushikilia, kitu cha kukifanya kivunjike kikikutana na maji, rangi. Hivyo havitibu. Ila ndivyo vinavyoamua kidonge kivunjike wapi na kwa kasi gani, na kwa hiyo dawa kiasi gani ifike kwenye damu.

Kwa sababu hiyo wapimaji hawaishii kwenye boksi, wanapima damu. Wanachukuliwa watu wazima wenye afya, mara nyingi kati ya 20 na 40. Wanalala bila kula. Asubuhi nusu yao wanameza dawa tangulizi na nusu jeneriki, kila mmoja kwa glasi ya maji. Damu inachukuliwa kidogo kidogo, tena na tena, kwa saa nyingi, pengine siku kadhaa. Wanapumzishwa hadi dawa iishe mwilini, kisha wanabadilishana: aliyemeza hii anameza ile. Kwa hiyo kila mtu analinganishwa na nafsi yake mwenyewe, si na jirani mwenye tumbo jingine.

Kinachotazamwa ni vitu viwili. Rudi kwenye daladala: tunataka kujua abiria wangapi jumla walifika Posta, na saa ya msongamano mkubwa kabisa kituo kilijaa kiasi gani. Jumla ya dawa iliyofika kwenye damu, na kilele chake. Daladala mbili zikishusha idadi moja ya watu kwa mtiririko mmoja, aliyesimama Posta hana namna ya kujua nani alikuja na ipi. Mwili nao ndivyo ulivyo. Kiambato kikishaingia kwenye damu hakina tena kumbukumbu ya boksi.

Wanaume na wanawake hao wazima hawana presha wala kifafa, na watu huuliza: mbona hawapimwi wagonjwa? Kwa sababu swali si kama amlodipini inashusha presha. Hilo lilishajibiwa. Swali ni kama kidonge hiki kinafikisha amlodipini kwenye damu kama kile.

Sasa tuje kwenye namba iliyozua uongo mwingi kuliko zote: asilimia 80 hadi 125. Ndiyo mipaka inayotumika karibu kila mahali duniani, na wengi wameitafsiri hivi: jeneriki inaruhusiwa kuwa dhaifu kwa asilimia 20 au kali kwa asilimia 25. Nimewasikia hata watu wa afya wakisema hivyo. Si hivyo.

Kipimo cha watu 24 hakitoi namba moja ya uhakika. Kinatoa wastani pamoja na wigo wa mashaka kuuzunguka. Tuseme wastani wa jeneriki umekuwa 97 kwa kila 100 ya dawa tangulizi, na wigo wake wa mashaka unaanzia 91 hadi 104. Sheria inataka wigo wote, mkia na kichwa, uwe ndani ya uzio wa 80 na 125. Jeneriki yenye wastani wa 82 itakuwa na mkia unaochungulia chini ya 80, nayo itaanguka. Kwa hiyo ili upite, wastani wako unapaswa kukaa karibu na mia. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipitia majaribio 2,070 ya jeneriki ilizoidhinisha kati ya 1996 na 2007. Tofauti ya wastani kati ya jeneriki na tangulizi, kwa jumla ya dawa kwenye damu, ilikuwa kama asilimia 3.5. Mtu mmoja akimeza dawa tangulizi leo na tena wiki ijayo, damu yake inaweza kutofautiana zaidi ya hapo.

(Na mbona 125, si 120? Kwa sababu hapa tunagawanya, hatutoi. Kama changu ni robo tatu na kidogo ya chako, yaani nne ya tano, basi chako ni tano ya nne ya changu. Nne ya tano ni 80. Tano ya nne ni 125.)

Zipo dawa ambazo hazihitaji kuchoma watu sindano. Zile zinazoyeyuka upesi na kupenya utumbo bila taabu zinaweza kuruhusiwa kwa kipimo cha maabara cha kuyeyuka. Na insulini pamoja na dawa nyingine zinazotengenezwa na seli hai ni habari nyingine kabisa: ni kama mtindi, wa nyumba mbili hauwezi kulingana tone kwa tone, kwa hiyo huitwa dawa zinazofanana na hupimwa kwa utaratibu mkali wa peke yake.

Chumvi na nazi

Je, upacha umewahi kushindwa? Umeshindwa, na ni vizuri kujua ulishindwa wapi.

Mwaka 1968 na 1969, mjini Brisbane, Australia, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wametulia kwa fenitoini walianza kuyumba kama walevi na kuona vitu viwili viwili. Dozi haikuwa imebadilika. Kapsuli ilikuwa bado na kiasi kile kile. Kilichobadilika ni unga wa kujazia: mtengenezaji alikuwa ameacha kutumia jasi, akaweka sukari ya maziwa. Jasi ilikuwa inaizuia sehemu ya dawa isipenye. Ilipoondolewa, dawa ikaingia kwenye damu kwa wingi, na wagonjwa wakalewa kwa kapsuli zile zile. Miaka michache baadaye, mwaka 1971, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vidonge vya digoksini, dawa ya moyo, vya kiasi kimoja kwenye lebo, vilitofautiana hadi mara saba kwa kiwango kilichofika kwenye damu. Kipimo cha damu nilichokieleza hapo juu kilizaliwa na misiba ya namna hii.

Angalia ni dawa zipi. Fenitoini na digoksini ni katika kundi ambalo pengo kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni jembamba. Ukizidisha tui la nazi kwenye mchuzi, mchuzi utakuwa mzito na wageni watakula. Ukizidisha chumvi, umeharibu. Dawa nyingi ni nazi. Chache ni chumvi: fenitoini, digoksini, warfarini ya kuzuia damu kuganda, lithiamu, levotiroksini ya tezi, dawa za waliopandikizwa figo. Kwa dawa za namna hii, mamlaka za Ulaya zimebana uzio hadi 90 na 111, na daktari mwangalifu hapendi mgonjwa arukeruke kutoka kiwanda hadi kiwanda kila mwezi bila kipimo. Si kwa sababu jeneriki yake ni mbaya. Ni kwa sababu kwenye chumvi hata kijiko cha nyumba nyingine kinahesabiwa.

Kosa la karibu zaidi lilitokea Marekani. Kule FDA ina kitabu chenye jalada la rangi ya chungwa, kilichoanza kutoka mwaka 1980, kinachotaja ni bidhaa ipi inaweza kubadilishwa na ipi. Herufi A maana yake badilisha, B maana yake usibadilishe. Jeneriki moja ya bupropioni ya miligramu 300, dawa ya sonona ya kutoka polepole mwilini, ilipewa A kwa kutegemea kipimo cha kidonge cha miligramu 150. Wagonjwa wakalalamika kwamba huzuni inarudi. Kwa miaka kadhaa jibu lilikuwa la kuwatuliza. Mwishoni FDA wakapima wenyewe ile ya 300, na Oktoba 2012 wakatangaza kwamba haikuwa sawa. Ninayoyaandika hapa juu ya ubora wa jeneriki nayaamini, lakini kisa hiki hunizuia kumwambia mgonjwa "ni mawazo yako tu." Mara nyingi ni mawazo kweli, kidonge kikibadilika rangi, moyo nao hubadilika. Mara nyingine si mawazo.

Jambo moja tulitenganishe. Dawa bandia, au iliyokaa juani kwenye stoo ya mabati, haiingii katika ubishi huu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi ni duni au bandia. Hilo ni tatizo la kweli, na linaikumba dawa ya bei ghali pia, tena anayeghushi anapenda jina kubwa kwa sababu lina faida. TMDA kwa Tanzania na Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya husajili bidhaa moja moja, si kiwanda kwa jumla wala nchi inakotoka. Kwa hiyo swali la maana ni kama bidhaa hii imesajiliwa na duka hili lina kibali. "Ni ya wapi?" haikusaidii sana.

Ndugu si pacha

Sasa bajaji. Dawa nyingi za siku hizi huja kwa koo. Atovastatini, simvastatini na rosuvastatini ni ndugu. Wote wanazuia ini lisitengeneze lehemu, yaani kolesteroli. Enalaprili, kaptoprili, lisinoprili ni ndugu wa ukoo mwingine. Kwenye Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza mwaka 1977, baadhi ya dawa zina alama ya mraba mdogo, maana yake ni kwamba iliyotajwa inawakilisha ukoo na nchi inaweza kumchagua ndugu mwingine.

Kosa la kwanza la watu hapa ni miligramu. "Nilikuwa natumia ya ishirini, wamenipa ya kumi, wamenipunja." Miligramu hulinganishwa ndani ya dawa moja tu. Atovastatini ya 10 inashusha lehemu karibu sawa na simvastatini ya 20. Kushangaa kwamba kumi inatosha ni kama kushangaa kwamba pilipili mbuzi mbili zimefanya kazi ya hoho ishirini.

Kosa la pili ni kudhani undugu unarithisha kila kitu. Serivastatini ilikuwa ndugu halali wa statini hizo, ikishusha lehemu vizuri tu. Agosti 2001 iliondolewa sokoni kwa sababu ilikuwa inavunja misuli ya watumiaji, wengine wakafa, kwa kiwango ambacho ndugu zake hawakukifikia. Ukoo ulikuwa mmoja na kazi moja, lakini dhara lilikuwa la kwake peke yake.

Saa nazo zinahesabika. Amlodipini inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo kidonge kimoja kwa siku kinatosha na ukichelewa saa tatu hakuna neno. Kaptoprili inataka mara mbili au tatu. Kwa mama lishe anayeamka saa kumi usiku, hizo si dawa sawa hata kama zikimshusha presha kwa namba moja.

Pantoni na daraja

Tumefika kwenye swali gumu. Dawa mbili za koo tofauti, ugonjwa mmoja. Kupima damu hakusaidii tena, maana kilichomo ndani ya damu ni vitu viwili visivyohusiana. Hapa hakuna njia ya mkato: wachukue wagonjwa wengi, wagawanye kwa bahati nasibu, kundi hili dawa hii na lile dawa ile, kisha hesabu nani alipona na nani alikufa.

Kisa ninachokipenda ni cha kwetu. Waliolelewa miaka ya themanini na tisini wanaikumbuka dripu ya kwinini na masikio yanavyovuma kama redio isiyoshika stesheni. Kwa malaria kali kwinini ilikuwa ndiyo dawa, na iliokoa watu. Artesuneti ilipokuja, daktari wa wodini angekuambia kwa haki kabisa kwamba zote zinaponya. Utafiti ulioitwa AQUAMAT ukafanyika katika nchi tisa za Afrika, pamoja na Kilifi, Muheza na Korogwe, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9. Waliopewa artesuneti, asilimia 8.5.

Zigeuze hizo asilimia ziwe watoto. Kati ya watoto elfu, kwinini ilipoteza 109 na artesuneti 85. Ishirini na wanne wanaorudi nyumbani. Sasa fikiria daktari aliyetibu watoto 40 kwa kila dawa: kwa kwinini angezika wanne, kwa artesuneti watatu. Mtoto mmoja. Nani angeiona tofauti hiyo kwa macho? Angesema ni ile ile tu, na asingekuwa mzembe. Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake kwa watoto mwaka 2011.

Kutokana na hilo utaona mtego ulivyo. Utafiti mdogo ukisema "hatukuona tofauti", haujasema dawa ni sawa. Aliyeingia chumba cha giza na kijiti kimoja cha kiberiti, akatoka akasema hakuona nyoka, hajakuhakikishia ulale humo. Wanaotaka kuthibitisha usawa hupanga kabla ya kuanza: tofauti ya kiasi gani tutaivumilia? Kisha hutafuta wagonjwa wa kutosha kuonyesha kwamba dawa mpya, hata kwa mashaka yote, haijapitwa kwa zaidi ya kiasi hicho. Ukisoma kwamba dawa mpya "si duni" kuliko ya zamani, ndilo walilothibitisha, na kiasi kilichovumiliwa ndicho cha kuulizia. Tena kuna hatari ya fotokopi: dawa ya pili inapungua kidogo kwa ya kwanza, ya tatu inalinganishwa na ya pili na kupungua kidogo, na baada ya nakala nne herufi hazisomeki ingawa kila moja ilifaulu mtihani wake.

Halafu, sawa kwa kipimo kipi? Marekani ililinganisha dawa za presha katika utafiti mkubwa uitwao ALLHAT. Doksazosini ilishusha presha vizuri, karibu na wenzake. Mwaka 2000 kundi lake lilisimamishwa kabla ya muda, kwa sababu watumiaji wake walikuwa wanapata moyo kushindwa kufanya kazi mara mbili ya waliotumia klorthalidoni, kidonge cha zamani cha kukojosha. Mashine ya presha ilisoma karibu sawa huku mioyo ikisema mengine.

Na sawa kwa nani? Utafiti wa CREOLE, uliotoka mwaka 2019, uliwachukua wagonjwa weusi 728 wa presha katika nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, ukalinganisha misombo mitatu ya dawa mbili mbili. Misombo miwili yenye amlodipini ndani ililingana, na ikaupita ule usio na amlodipini katika kushusha presha kwa kama milimita 3 za zebaki, kipimo kinachosomwa kwenye mashine ya presha. Ndani ya utafiti mmoja kuna usawa na kuna tofauti. Milimita 3 kwa Shangazi peke yake ni upepo. Kwa mamilioni ya wagonjwa ni wodi nzima ya waliopooza. Na kwa mjamzito hesabu inageuka kabisa: enalaprili na losatani ni dawa njema za presha ambazo zinaweza kuharibu figo za mtoto tumboni. Mume anayempa mkewe mwenye mimba vidonge vyake kwa sababu "zote za presha" hajui anachokifanya.

Dirishani pa famasia mgonjwa hawezi kubeba majaribio haya yote kichwani, wala hatakiwi. Anaweza kuuliza jina dogo ni lipi na kama ni lile lile la mwezi uliopita. Kama ni lile lile na miligramu ni zile zile, aile kwa amani na aiweke ya zamani kando. Kama dawa yake ni ya kundi la chumvi, amweleze daktari kwamba kiwanda kimebadilika. Jina dogo likiwa tofauti, hata mfamasia akisema ni nzuri kuliko ile, hapo dawa imebadilika na aliyeandika cheti anapaswa kujua.

Shangazi alirudi kliniki, akaambiwa abaki na kidonge kimoja kwa siku, boksi lolote kati ya yale mawili. Uvimbe ulichukua wiki chache kuisha. Alipokuja tena alikuwa na viatu vyake mwenyewe, na kabla hajakaa akachomoa kwenye mkoba ukanda wa vidonge ambao sikuwahi kuuona.

"Na hii ya mama yako? Aliniachia siku ile nilipoishiwa. Nayo si ile ile?"

Nikaupeleka dirishani kwenye mwanga. Losartan 50 mg. Nikamwambia hiyo amrudishie mama.